Skini Inayovuja

Jumanne saa nne asubuhi, Osmund Gama alikaa barazani kwake Majengo, akavaa miwani na kufungua simu asome maoni. Alikuwa amechora mabango ya maduka kwa miaka arobaini, mpaka mashine za kuchapisha zilipomstaafisha. Sasa, akiwa na miaka sabini na nne, alichora skini, yaani mavazi ya rangi ambayo mashabiki wa gemu ya vita huzivisha bunduki zao. Aliyoiweka Jumapili kwenye ukurasa wa mashabiki hao ilikuwa na mabaka meusi na meupe na mstari mmoja katikati, kama ngao ya babu yake. Ngao yenyewe ilipotea zamani. Bibi yake alimfundisha baba yake mchoro ule kwa kuuchora kwenye majivu, na baba akamfundisha Osmund. Hakuna mwingine aliyeujua.

Maoni yalikuwa mia mbili na kumi na moja.

"Takataka."

"Nani kakuruhusu kushika rangi?"

"Umechora ng'ombe mgonjwa."

"Skini inavuja. Nimelowa mpaka soksi."

Osmund alimjibu kila mmoja kwa adabu, akiweka nukta mahali pake.

Saimon, mwenye banda la gemu mtaa wa pili, alifika na simu tano zilizolowa, amezifukia kwenye sufuria ya mchele zikauke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Mzee, bunduki yako inamwaga maji. Ukifyatua, risasi hakuna. Maji yanatoka mpaka nje ya kioo. Banda zima tope."

"Na adui akipigwa?"

"Analowa tu. Anajifuta uso, anaendelea na safari."

Osmund alivua miwani. Katika vita vya Maji Maji babu yake alinyunyiziwa dawa, akaambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hazikugeuka.

"Yamechelewa," alisema.

"Yamechelewa nini, mzee? Wateja wanataka kunipiga!"

Mkewe, Ursula, aliichukua simu ya Osmund, akafyatua ndani ya ndoo. Mabomba ya Majengo yalikuwa makavu tangu Ijumaa. Kufikia adhuhuri foleni ya madumu ilifika kwa fundi baiskeli. Jirani yao Sharifa alijaza madumu matatu, akaonja, akasema ni matamu kuliko ya bomba. Kisha akatoa simu yake, akaipa skini nyota moja.

"Sharifa! Na maji umechukua?"

"Maji nimeyapenda, dada Ursula. Ila bunduki mbovu. Mwanangu kashindwa mechi tatu."

Jumatano wasimamizi wa ukurasa wa mashabiki waliandika: kasoro irekebishwe kabla ya kesho saa kumi jioni, la sivyo skini inafutwa. Osmund alijaribu rangi moja baada ya nyingine. Alipoufuta mstari wa katikati, risasi zilitoka. Adui alianguka, hakuinuka. Saimon, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alipiga makofi.

"Sasa hiyo ndiyo bunduki! Iache hivyo hivyo, mzee. Watakupa nyota tano mpaka Tunduru."

Osmund alimtazama yule adui aliyelala. Akaurudisha mstari.

"Unajiharibia, mzee wangu."

"Bila mstari si ngao ya babu."

Alhamisi saa kumi jioni skini ilifutwa. Oni la mwisho lilitoka kwa mtu wa Madaba: "Tumekuja kuua, hatukuja kuoga." Watu elfu mbili walilipenda. Osmund aliandika, "Asante kwa maoni yako," lakini jibu halikuwa na pa kwenda tena.

Ijumaa banda la Saimon lilikuwa limekauka na limejaa wateja. Milio ya risasi ilisikika mpaka barazani. Osmund alichota majivu jikoni, akayatandaza sakafuni, akachora mabaka kwa kidole, kisha mstari. Majivu yakaanza kulowa.

"Sogeza mguu," alisema Ursula, akatega sufuria.