Majina Kwenye Droo ya Mkasi

Mwenzenu nina habari, nisipoisema nitapasuka. Yule Mkasi wetu, mkata karatasi, leo nusura afukuzwe kazi, na aliyempeleleza ni mimi.

Kiwanda cha uchapaji ni cha shangazi yangu. Mimi nimemaliza chuo juzijuzi, nakaa kwenye kompyuta napanga kurasa. Mkasi ana miezi minne hapa. Mpole kupita kiasi, na mtu wa hivyo kwetu anaogopwa kuliko mwizi. Anakuuliza, "Mama anaendeleaje?" Ukishajibu, anageuka, anaokota kipande cha karatasi kilichobaki mashineni, anaandika. Anaandika nini? Mama ni wangu.

Sasa mwezi huu wateja wawili wakubwa, mama wa kalenda na yule wa vitabu vya shule, wakahama kimyakimya, wakaenda kwa mpinzani wetu mtaa wa pili. Shangazi akasema, "Kuna mtu anatoa habari zetu nje."

Fundi wa mashine kubwa akadakia, "Kimya kingi kina mshindo, bosi. Mimi sijamtaja mtu." Huku macho yote kwa Mkasi.

Shangazi akaninong'oneza, "Akienda kula, fungua droo yake. Nikipata ushahidi, saa kumi hayupo hapa."

Mkasi akatoka kwenda kula, nikafungua. Nisiwadanganye, nilikuwa nafurahia. Nikakuta vipande vimebanwa kwa mpira, cha juu kimeandikwa: Wa kuambiwa habari za Yesu.

Nikakaa juu ya rimu za karatasi, nikasoma. "Fundi: nilimwambia, akacheka. Nitarudia." "Mama wa kalenda: nilimwambia pale kaunta." "Bosi: alizika mtoto. Namwogopa." Halafu nikafika kwangu. "Binti wa kompyuta: huyu hajui lolote. Aanziwe mwanzo kabisa."

Mimi, ninayeimba kwaya tangu nina miaka saba.

Nikampelekea shangazi. Akasoma, akafika kwenye chake, akakichomoa. Kisha akamwita Mkasi ofisini.

"Mama wa kalenda alihama kwa sababu yako?"

"Nadhani, bosi. Alisema amekuja kuchapisha, hakuja kuhubiriwa." Akaongeza mwenyewe, "Na yule wa vitabu vya shule, hivyohivyo."

Huyo wa pili hata hakuulizwa habari zake. Nikajua amekwisha.

"Hapa umeajiriwa kukata karatasi," shangazi akasema.

"Ndiyo, bosi. Lakini na kusema nimetumwa. Siwezi kujifanya sikutumwa."

Mimi huku moyo unaniuma kwa ya kwangu, nikachomekea, "Kaka, mimi mbona nimeokoka siku nyingi."

Akanitazama kama muuzaji aliyepewa noti asiyoiamini. "Sawa, dada," akasema kwa adabu zake. Hakuamini hata nusu.

Shangazi akainua kile kipande chake. "Na mimi ulipanga kuniambia lini?"

"Siku usiyokuwa na hasira."

"Ungezeeka." Akanigeukia. "Wewe, toka. Funga mlango."

Nikatega sikio, lakini mashine kubwa inanguruma. Nilichopata ni sauti ya Mkasi ikianza, ikikwama, ikianza tena. Fundi akaja kando yangu. "Anaaga huyo," akasema. Nami nikaamini.

Mkasi akatoka, akapita katikati yetu, akaenda kuwasha mashine yake, akaendelea kukata.

Shangazi akafuata, macho mekundu. "Kazi anaendelea nayo. Ila kaunta asikanyage, wateja niachiwe." Fundi akaguna, akarudi kwenye wino wake.

Mimi akanivuta pembeni. "Mwanangu, tangu nizike sijaingia kanisani. Miaka sita. Kila Jumapili unapita mlangoni kwangu na sare ya kwaya. Hukuwahi hata kuniambia twende. Kwa nini?"

"Nilidhani utakasirika, shangazi."

"Na yeye alidhani hivyohivyo, ila leo ameniambia," akasema, akarudi ofisini.

Jumapili ni keshokutwa, na mwenzenu hata sijui nitaanzaje.