Chupa ya Maji ya Chawia

Bandari ya Mombasa ilikuwa imejaa siku hiyo, kwa hiyo meli nyeupe ya watalii ilitia nanga mbali, na watu wakawa wanapelekwa nchi kavu kwa mashua ndogo ya mashine. Wakio, mfuaji nguo wa meli ile, alipata nafasi nyuma kabisa, karibu na Kiilu, mshika usukani.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya bahari. Wakio akajiona yuko kwao Chawia tena, milimani, asubuhi, ukungu umefunika nyika yote hadi Voi, vilima vimetoa vichwa tu kama visiwa. Hakuwa na hakika kama mashua ilikuwa inaelea juu ya maji au juu ya paa la mama yake.

"Mtu wa milimani, usisinzie," Kiilu akamtania. "Ukianguka hapa hakuna jiwe la kukanyaga."

"Na wewe wa Voi ukianguka utatafuta stesheni."

Kiilu akacheka, kisha akamkumbusha kwamba hiyo ndiyo safari ya mwisho. Akishusha hawa na kupakia wale wanaorudi melini, anageuza, na jioni meli inaelekea Ulaya, wala haitarudi huku.

Wakio alikuwa na jambo moja tu. Miaka mitatu nyuma alitoroka nyumbani siku ambayo mbuzi wa mahari yake walikuwa wameshafikishwa. Tangu hapo usingizi ulimkataa. Kila akifumba macho, meli ilikuwa inapita polepole juu ya nyumba yao, na mama yuko mlangoni, haangalii juu. Kwao, mzazi mwenye kinyongo hukitamka, kisha hutia funda la maji kinywani na kuyapuliza nje, na kinyongo hutoka nayo. Wazee huliita tendo hilo kutasa. Ndilo alilokuwa analifuata.

Mama yake, Wakesho, aliyeshuka na treni ya Voi baada ya kutumiwa habari, alikuwa amesimama kwenye ngazi za gati, na kitambaa cheupe cha kanisani kichwani. Mkononi alishika chupa ya maji ya Chawia iliyozibwa kwa gunzi la mahindi.

"Nilisikia huko baharini maji yote ni chumvi," alisema, akampa ile chupa. "Nikajua una kiu."

Wakio hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba melini maji matamu yamejaa hadi ya kuogelea. Alimwuliza kama bado ana neno naye. Mama akajibu kwamba yeye ni mtu wa kanisa, hana kinyongo na mtu, akaulizia chakula cha melini, akacheka kicheko cha kupokelea wageni. Kicheko hicho kilimtisha Wakio kuliko matusi. Kisichotamkwa hakitoki.

"Mama, nigombeze."

Mama akamnyoosha kola. "Mashua yenu inaondoka."

Kiilu alikuwa anapiga mluzi. Wakio akairudisha ile chupa mikononi mwa mama yake, akashuka na kuketi katikati ya kofia za watalii. Kamba ikafunguliwa. Maji yakaanza kupanuka kati yao, kimya, kama mtu anavyozama ndotoni.

Ndipo mama akateremka ngazi hadi ya mwisho, viatu vyake vya Jumapili ndani ya bahari.

"Uliniacha na mbuzi wa watu uani, Wakio. Nikawarudisha peke yangu, nacheka, moyo unachemka."

Akang'oa gunzi, akatia funda, akapuliza. Upepo ukayabeba maji yale hadi kwenye kofia na miwani ya watu. Mzee mmoja mtalii alijifuta shavu kwa hasira, akataka kujua msichana huyu amemkosea nini yule mama hata atemewe mate.

"Nenda salama, mwanangu," mama akasema, sasa kwa sauti ndogo.

Kiilu alimpa Wakio kitambaa. Hakukipokea. Alilamba tone lililokuwa mdomoni, na halikuwa na chumvi hata kidogo. Kabla hawajafika nusu ya njia kichwa chake kilikuwa kimeangukia rundo la kamba, na Kiilu akapunguza mwendo wa mashine ili asimwamshe.