Kamati ya Huzuni

Miaka ile ya tisini, shirika lililokuwa likitulisha kambini lilikuwa na kamati ya kila kitu. Kulikuwa na kamati ya vyoo, kamati ya kuni, na kamati ya kusuluhisha ugomvi wa kamati. Kwa hiyo hatukushangaa sana ilipoundwa kamati ya kuamua muziki wetu uwe na huzuni kiasi gani.

Muziki wenyewe aliutunga Mwalimu Calixte, aliyefundisha seminari huko Burundi kabla vita havijatutawanya. Ulikuwa wa okestra: fidla, filimbi, kodiani, ngoma, na tarumbeta mbili, moja ikiwa yangu mimi, Ndayikunda. Ala hizo zilikuwa msaada kutoka Ulaya, ila shirika lilizifungia katika bohari yake ya Katubuka, mjini Kigoma, zisije zikaibwa na wale wale waliopewa. Zilipanda gari kuja kambini kwa ajili ya wageni tu.

Calixte aliutunga kwa ajili ya mkewe, Astérie, aliyefia njiani tulipokuwa tunakimbia, tukamzika juu Kalinzi, pembeni mwa mibuni ya watu. Kwetu Warundi kuzika hakumalizi msiba. Lazima ifike siku ya kuganduka, ukoo ukusanyike, pombe inywewe, mkubwa wao asimame awaambie wafiwa kwamba sasa basi, rudini kwenye maisha. Kabla ya neno hilo hakuna harusi katika nyumba hiyo. Binti yake, Iradukunda, alikuwa na mchumba, Nikodemu, kijana mvumilivu, lakini hata uvumilivu una kikomo chake.

Sasa ukoo wa kusema neno hilo ulikuwa wapi? Wengine wamekufa, wengine wako ng'ambo ya ziwa, Kongo. Calixte akaliweka neno ndani ya muziki. Ndiyo maana aliuandika katika ufunguo wa meja, ule wenye mwanga, maana ni muziki wa kumwachilia mtu. Na aliufanya wa taratibu sana kwa sababu, alisema, aliyeinama muda mrefu akisimama haraka hushikwa na kizunguzungu.

Bwana Oswald, ofisa wa wageni wa shirika, alikuja na kamati yake kusikiliza mazoezi. Mwendo aliusifu, taratibu huleta machozi. Ufunguo ndio uliomkera. Alieleza kwamba wageni hushuka Kigoma, wakalitazama ziwa, wakala migebuka ya kukaanga, wakafika kambini wameridhika, na mtu aliyeridhika hatoi kitu. Akauliza kama hatuna ufunguo mwingine. Tukampigia muziki ule ule kwa maina, ufunguo wa huzuni. Melania, mjumbe kutoka Mwandiga, mama mwenye akili zake, akasema wa kwanza ni kama mtu anayefika nyumbani, na wa pili ni kama mtu anayefukuzwa mlangoni.

"Huo wa pili," akasema Oswald.

Mjumbe wa serikali akahofia wageni wasije wakadhani Tanzania inawatesa wakimbizi. Wakakubaliana huzuni ibaki, ila wapigaji tuvae mashati yaliyopigwa pasi. Mimi niliagizwa nipulize tarumbeta kama mtu mwenye mafua.

Calixte alikataa. Akaambiwa kwa upole kwamba basi, ala zitapumzika Katubuka. Akafikiri, heri nusu shari kuliko shari kamili. Akaomba tupige maina kwa ajili ya wageni, halafu meja kwa ajili ya Astérie. Oswald akaitikia upesi, kama watu wanavyoitikia jambo wasilokusudia kulitenda.

Siku ikafika. Iradukunda aliketi mbele, wazee wa Nikodemu wakaja na urwarwa, pombe yetu ya ndizi. Tukapiga maina. Wageni walilia hadi miwani ikavuliwa. Mama mmoja akamkumbatia Iradukunda, akampiga picha, akamkumbatia tena. Oswald alifurahi mno hata akaamuru ala zipakiwe garini palepale, wageni wasije wakachangamka bure. Kuganduka kukasogezwa hadi ugeni mwingine, na ugeni mwingine mambo yakawa yale yale. Urwarwa ilinywewa na kamati.

Tukaenda hivyo msimu mzima wa mvua. Unga uliongezeka, siwezi kukana, nasi tuliula. Lakini Astérie alikuwa akizikwa upya kila gari lilipokuja, na wazee wa Nikodemu wakaanza kuulizia mabinti wa nyumba nyingine. Nilikasirika kwelikweli, na nikaendelea kupuliza kama nilivyoagizwa.

Siku moja, wageni wakiwa wanaketi, Oswald akampa Calixte mkono mbele yetu sote.

"Mwalimu," alisema, "marehemu mama amesaidia watu wengi sana."

Iradukunda alisikia. Akainuka pale mbele alipokuwa ameketi.

"Baba," akauliza, "mama atamaliza kufa lini?"

Calixte alitugeukia, akatuambia meja, akainua mkono.

Tulipiga taratibu, jinsi alivyouandika. Oswald alituashiria tuache, tukamtazama kama hatumjui. Wageni walitabasamu kidogo, wakaangalia saa, mmoja akanong'ona kuuliza kama chakula kiko tayari. Sisi ndio tuliolia. Mimi nilikosa pumzi ya kumalizia mstari wa mwisho, Calixte akauimba mwenyewe, kisha akamshika binti yake mkono akamwambia sasa basi.

Ala zilirudi Katubuka jioni ile na hatukuziona tena. Unga nao ukapungua. Jumamosi iliyofuata Iradukunda aliolewa na Nikodemu, tukampigia madumu ya maji.