Mgongo wa Sweta ya Kijani

Mwana alipiga simu kutoka ng'ambo, baridi imemng'ata. Hakuomba dawa wala dua. Aliomba sweta ya marehemu baba yake, ile ya kijani.

Mama yake, ambaye mtaa mzima humwita Bibi Sindano kwa sweta za shule alizofuma tangu ujana, alijibu, "Nitatuma." Akakata simu, akajuta. Tangu mzee afe, sweta ile ililala upande wake wa kitanda, mikono imekunjwa kifuani. Haikukoroma, na kwa hilo tu ilimshinda mzee mwenyewe.

Afume nyingine ampelekee? Mwana angejua, maana harufu ya mtu haifumwi. Atume yenyewe? Basi abaki akizungumza na kuta.

Jikoni alimkuta mpangaji wake, binti anayesomea uuguzi, akisoma kwa sauti.

"Unamsomea nani, mjukuu wangu? Sufuria?"

"Mtihani, Bibi. Jinsi DNA inavyojinakili kabla seli haijagawanyika."

"Si ndiyo ile inayowaumbua akina baba?"

"Hiyo hiyo!" Binti akacheka. "Ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Inafunguka katikati, pande mbili zinaachana. Kila upande unajijengea mwenzake mpya, kipande kwa kipande. Na kila kipande kina mwenzi mmoja tu wa kukubaliana naye."

"Kinawashinda wanaume wa mtaa huu. Sasa mwishoni ipi ya zamani, ipi nakala?"

"Hakuna. Zinakuwa mbili, kila moja nusu ya zamani, nusu mpya."

Bibi Sindano akageukia mlango bila kutupa utani, jambo ambalo si la kila siku, hata binti akainua macho.

"Unaumwa, Bibi?"

"Soma, mwanangu, soma."

Aliingia chumbani akachukua mkasi mdogo. Akafumua mishono ya mbavuni na mabegani. Mbele ikaachana na nyuma, mkono mmoja huku, mmoja kule. Hapo machozi yalimtoka, akayasingizia vumbi la nyuzi. Kisha akaanza kuhesabu vitanzi na kukifumia kila kipande, kilichobaki mjane, mwenzake mpya. Karibu na shingo alikuta kitanzi kimerukwa: siku alipoifuma, mzee, bado kijana, alimtekenya. Kosa nalo akalifuma upya, palepale.

Wiki tatu baadaye, sweta zikawa mbili. Moja ikaenda posta.

"Umetuma ipi?" binti akauliza.

"Yenye kifua cha zamani. Mtoto alizoea kubebwa kifuani."

"Na wewe?"

"Mimi nina mgongo. Miaka thelathini na minane mzee alilala akitazama ukuta. Mgongo ndio ninaoujua."

Binti alicheka hadi kitabu kikamdondoka. Bibi Sindano alicheka naye, kisha akaenda kutandika kitanda. Akailaza sweta upande wa mzee, akaigeuza iutazame ukuta, akajilaza nyuma yake.

"Na leo," akaiambia, "usivute blanketi lote kwako."

Haikuvuta. Akaisogezea mwenyewe.