Naam ya Bi Mwanamkasi

Albamu ilitoka Ijumaa: ganuni ya Anuar, kinanda chake cha nyuzi, pamoja na piano na selo, jazi ya taratibu iliyochanganywa na nyimbo za shamba. Kila mtu aliisifu kwa utulivu wake. Utulivu! Neno hilo lilimchoma Anuar kama mwiba.

Yeye na wenzake waliirekodi nyumbani kwao, mtaa wa Malindi, chumba cha juu. Wimbo wa tatu aliuanza kwa noti nne zilizoiga mwito wake wa utotoni, alipokuwa akimwita mama yake kutoka mlangoni: "Mama weee!" Bi Mwanamkasi alikuwa jikoni akikuna nazi. Akazisikia, akaitika kwa sauti:

"Naam, mwanangu!"

Mpiga selo akacheka. "Iache hiyo, tamu."

"Mama, unatuharibia kazi!" Anuar alifoka, akaifuta sauti ile isibaki hata chembe.

"Nisamehe, baba. Nlidhani waniita."

Bi Mwanamkasi hakuwahi kuisikia albamu hiyo. Walimzika kwao Makunduchi mwezi wa Rajabu. Sasa kila siku Anuar huuweka wimbo wa tatu. Noti nne hulia, kisha hufuata kimya, kimya safi kabisa, kama alivyotaka mwenyewe.