Majibu Niliyombandika Bi Kimya

Kila asubuhi, kabla ya chai, namtungia mama nyuzi kwenye sindano kumi na mbili. Macho yake hayaoni tena vya karibu, ingawa mteja anayekuja na kitambaa pungufu anamwona tangu kona ya barabara. Nne nazitunga nyuzi nyeusi, nne nyeupe, na nne za rangi ya kazi iliyopo mezani, kisha nazichoma zote kwenye kifuko cha pini, naye anashona hadi jioni bila kuniita.

Siku hiyo nilikuwa na ya saba mkononi simu ilipotetemeka juu ya meza. Barua pepe. Nimeitwa kwenye usaili, kesho saa nne asubuhi, kwa njia ya video.

"Sindano ya saba iko wapi?" mama akauliza baada ya muda.

Sikujua. Tuliitafuta sote wawili kwa magoti, mimi huku nikimsomea ile barua. Kampuni ile inawapangia watu miadi ya kliniki na kuwakumbusha siku zao, na wafanyakazi wake wote hufanyia kazi nyumbani. Ina madawati mawili. Dawati la maandishi hujibu wagonjwa kwa ujumbe, na dawati la simu huzungumza nao.

"Wewe umeomba lipi?" mama akauliza kutoka chini ya meza.

"Niliandika lolote."

Akatoa kichwa nje. "Lolote! Mteja akiniambia nimshonee lolote, namrudishia kitambaa chake."

Ukweli ni kwamba nililitaka la simu. Mwaka juzi nilipiga namba kama hiyo kuuliza habari za macho ya mama, na dada aliyepokea alikaa nami dakika ishirini na tano bila kunikatiza. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza alikuwa amekaa wapi, alikuwa anaangalia nini, alijuaje kwamba sikuwa nimemaliza. Lakini chuoni nilipitisha miaka mitatu nikikaa viti vya nyuma, na mhadhiri mmoja alinifahamu kwa mara ya kwanza siku ya mahafali. Mtu wa namna hiyo ataandikaje kwenye fomu kwamba anataka kuongea kutwa nzima? Nikaandika lolote, nikafunga kompyuta haraka.

Mchana alikuja binamu yangu. Sisi tunamwita Redio, maana ukimwasha hazimiki. Ana miaka miwili akifanya kazi kwa mtandao, na usaili wa video ameupitia mara sita.

"La maandishi hilo, si ndiyo?" alisema kabla hajakaa. "Maana wewe wakikupa simu, mdogo wangu, utanong'ona mpaka mgonjwa apone mwenyewe."

Mama akacheka. Na mimi nikacheka.

Redio aliingia chumbani akafunga mlango, akanipigia video nikiwa sebuleni, eti tukikaa ana kwa ana nitazungumza na miguu yake. Mambo niliyoyajua siku hiyo yalinishangaza. Sikuwahi kujua kwamba nikifikiri nafumba jicho moja. Sikujua kwamba dirisha likiwa mgongoni nageuka kivuli chenye masikio. Tukahamisha meza hadi uso wangu ukaliangalia dirisha, kompyuta tukaiweka juu ya makopo mawili ya vifungo ili kamera ilingane na macho.

"Tazama kile kitundu, usinitazame mimi," Redio alifoka.

"Kitundu hakina uso."

"Ndicho chenye mshahara. Haya, niambie udhaifu wako."

Nilikuwa nao mwingi, sikujua nianze na upi.

"Sema unajituma kupita kiasi. Wote tunasema hivyo."

"Na wanaamini?"

"Wewe mbona unauliza maswali kuliko anayekusaili?"

Alipoondoka niliyaandika majibu yake yote kwenye karatasi za mama, zile nyepesi anazochorea mikato ya nguo. Halafu nikapata wazo nililoliona la akili sana. Mama ana sanamu la kupimia nguo, tunaliita Bi Kimya. Nilimsimamisha nyuma ya kompyuta, nikambandika majibu kwa pini juu ya gauni la mteja alilokuwa amevikwa. Kuhusu mimi nikaweka begani. Uzoefu wangu kifuani. Udhaifu wangu kiunoni, na malengo ya miaka mitano karibu na pindo. Nikikaa, niliweza kuyasoma yote kwa kupandisha na kushusha macho kidogo tu.

Nilimwomba mama jambo moja: kesho kuanzia saa nne hadi saa tano, asiguse cherehani wala asiseme neno.

"Hutanisikia hata nikipumua," aliahidi.

Saa nne kamili kioo kilifunguka wakatokea wawili. Mama mmoja wa miwani, msimamizi wa wahudumu, na bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyesema yeye anafundisha wafanyakazi wapya. Nyuma ya bwana huyo kulikuwa na kabati lenye mlango mmoja wazi, nami nikatamani sana kujua ndani mna nini.

"Tuambie kuhusu wewe," msimamizi akasema.

Nikaenda begani. Nikasoma vizuri, bila haraka. Uzoefu nao ukaenda salama. Ndipo pazia la sebule lilipofunuka mama akaingia, bila viatu, akinyata, kidole mdomoni. Mteja wake, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, alikuwa amewahi saa nzima kuja kuangalia gauni lake. Mama alimkumbatia Bi Kimya kiunoni, akamnyanyua, akatoka naye taratibu, akinipa tabasamu la mtu anayetimiza ahadi. Karatasi zile kwake zilikuwa mikato ya nguo. Hakuona sababu ya kuziangalia.

"Na udhaifu wako je?" msimamizi akauliza.

Nilibaki nalitazama pazia.

"Kuna mtu hapo?"

Jicho moja lilikuwa limejifumba, nililihisi. "Alikuwa mama," nikasema. "Amebeba majibu yangu."

"Ameyabeba?"

Nikawaeleza. Bega, kiuno, pindo, yote. Bwana wa ndevu alivua kofia akaishika usoni, mabega yakimtikisika. Msimamizi alitoa miwani akaifuta.

"Basi tuyaache huko huko," alisema. "Tufanye kazi kidogo. Chukulia mwenzangu hapa ni mgonjwa. Kakosa miadi, na kakasirika."

Bwana wa ndevu akabadilika hapo hapo. "Mnanichezea nyie! Nimefika kliniki naambiwa siku yangu ilikuwa jana. Jana! Nimepanda milima miwili!"

Redio hakunifundisha hili. "Pole sana, babu," nikasema. "Umefika kwa miguu?"

"Kwa miguu, ndiyo! Unadhani nina mabawa?"

"Na sasa umekaa mahali, au bado umesimama?"

"Nimesimama."

"Tafadhali kaa kwanza, nakusubiri."

Nikampa muda wa kukaa. Nilikuwa nataka kweli kujua ilikuwaje mtu apande milima miwili siku isiyo yake. "Ule ujumbe wa kukukumbusha, babu, nani alikusomea?"

Bwana wa ndevu akamtazama msimamizi. "Mjukuu," akasema polepole, kama anautunga uongo huo wakati ule ule. "Simu anakaa nayo yeye, na kazi yake iko mjini."

"Na yeye anarudi lini?"

"Mwisho wa wiki."

"Basi kosa ni letu. Tulimwandikia asiyekuwepo. Nikutafutie siku nyingine, halafu nikupigie mwenyewe? Kwa namba ya nani karibu nawe?"

Bwana wa ndevu alirudi kuwa yeye. Aliandika kitu. "Kumi na moja wamesailiwa wiki hii," alimwambia msimamizi, "hakuna aliyeniuliza habari za ujumbe."

Wakaniomba dakika mbili washauriane, wakazima sauti. Niliona midomo yao ikitembea. Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya mwalimu mkuu, ile inayofika mwisho wa uwanja wa shule.

"'Najituma kupita kiasi.' Fundi, gauni langu ndilo linalojituma, au ni mimi?"

"Shhh!" mama akasema. "Mwanangu yuko kazini."

Sauti ikarudi kwenye kompyuta.

"Tumekubaliana," msimamizi alisema. "Tungependa uanze nasi Jumatatu. Umeandika dawati lolote, na tunaona wewe ni mtulivu, huna makelele. Tumekuweka maandishi. Nadhani utastarehe zaidi huko. Au sivyo?"

Nilikuwa nimeshapata kazi. Mdomo wangu tayari ulikuwa umeanza kusema asante, na ningesema asante wangefunga, ningekwenda kumkumbatia mama, na Redio angesema si nilikwambia. Bwana wa ndevu alikuwa ameshainua mkono wa kuaga. Pazia lilifunuka kidogo, jicho la mama likachungulia, na juu yake jicho la mwalimu mkuu.

"Nashukuru sana," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikaona wote wawili wakiinama kuisogelea kamera. Nikaanza upya, kwa nguvu zaidi, nikikitazama kile kitundu.

"Nashukuru, lakini sivyo. Niliandika lolote kwa sababu niliona aibu. Mimi nataka simu. Nataka kuongea nao."