Mpini wa Kushoto

Nilikuwa nimelala chali, kichwa ndani ya mashine ya gemu na tochi mdomoni, nikibana waya wa kitufe cha mwisho, shangazi aliponigonga unyayo kwa kitana.

"Bado tu? Mteja wangu keshakauka nywele mara mbili."

"Tayari, shangazi. Jaribu."

Mashine ile inakaa kwenye kona ya saluni yake. Marehemu mumewe ndiye aliyeiunganisha, na hakuna aliyewahi kumshinda shangazi hapo. Kesho angecheza na muuza nyama wa jirani, na atakayeshindwa angemwamkia mwenzake "Shikamoo bingwa" kila asubuhi, mwaka mzima, mbele ya wateja. Mipini ya zamani ilikuwa imelegea, nami niliitwa kufunga mipya na kuongeza vitufe vya mateke alivyovidai muuza nyama.

Shangazi akakalia stuli ya kushoto, ambayo hakuna mwingine anayethubutu kuikalia. Akavuta mpini. Mpiganaji wake akachuchumaa, akapigwa teke la kichwa. Akavuta tena. Teke jingine.

"Umemharibu! Namwambia aruke, anachuchumaa kama anatafuta hereni!"

"Shangazi, ili aruke unausukuma mbele. Ukiuvuta anachuchumaa."

"Nani kakwambia? Huyu nimemlea mimi."

Yule mteja akacheka chini ya mashine ya kukaushia. Niliuokota mpini wa zamani wa kushoto sakafuni nikautazama vizuri. Mpini ukisukumwa mbele, mkia wake chini ya ubao wa vitufe unakwenda nyuma. Kwa hiyo waya wa kuruka hufungwa kwenye swichi ya nyuma. Mimi mwenyewe nilikosea mashine mbili kabla ya kulijua hilo. Kwenye swichi ya mbele kulikuwa na kipande cha utepe, na mwandiko wa marehemu: RUKA. Wa kulia aliufunga sawasawa. Bila shaka alikuwa ameshajifunza.

Nikamweleza shangazi polepole: mumewe aliufunga kinyume, naye akauzoea hivyo. Akaupokea mpini, akapitisha kidole gumba juu ya ule utepe.

"Kumbe," akasema. "Alikuwa akinitazama nikicheza, anacheka peke yake. Nikimuuliza, ananiambia hamna kitu."

Kisha akanirudishia.

"Geuza, baba. Kama alivyofunga yeye."

Kufunga waya vibaya kwa makusudi si jambo jepesi, mkono unakataa. Nilirudi ndani, nikabadilisha vibanio viwili vya nyaya, na nilipokuwa nikitoka kinyumenyume nikaona viatu vya mpira vya muuza nyama.

"Fundi, batani zangu vipi?"

"Zipo."

"Safi. Dada, nimelala nikiwaza. Miaka yote unanikalisha kulia. Kesho nakaa kushoto. Kuna dawa huko."

Nikamtazama shangazi. Hata kope haikutikisika.

"Karibu sana, ndugu yangu. Stuli si ya mtu."

Akaondoka akipiga mluzi. Shangazi akasubiri hadi mluzi ukapotea.

"Geuza na wa kulia."

"Sawa. Na huu wa kushoto niurudishe sawa? Yeye hajui umegeuzwa."

"Kwani mimi nimemwambia akae hapo?"

"Hujamwambia."

"Kataka mwenyewe, mbele ya shahidi."

"Mimi sijasikia kitu," alisema mteja, "mashine hii ina kelele."

Nilichomoa vibanio vya kulia, nikavishika mkononi nikingoja. Shangazi alichukua ufagio, akafagia nywele ambazo alikuwa ameshazifagia. Alifika kwenye mashine, akavuta mpini wa kushoto. Mpiganaji akaruka juu, vizuri kabisa, na shangazi akacheka kwa sauti ndogo.

"Mume wangu alinicheka mpaka akafa."

"Kwa hiyo, shangazi?"

"Acha hivyo hivyo. Njoo asubuhi, kabla hajafungua bucha. Nitakuwa nimeshaamua kama mimi ni mtu mzuri."

Nikaziacha nyaya za kulia zikining'inia, nikaegemeza mlango wa mashine bila kufunga skrubu.